Good ya Karani wa Majani

Magwagwa, Jumamosi alasiri

Mwanangu Moraa,

Barua za zamani zilianza kwa kuuliza hali. Mimi sina haja ya kuuliza, kwa sababu mchana huu nimekuona kwa macho yangu ukimaliza sahani mbili za matoke na kuchungulia sufuria kama yamebaki. U mzima kabisa. Saa hii umeenda kanisani kuwaaga wenzako wa kwaya, na mama yako amekaa nje anajifanya anasoma Biblia. Miwani iko juu ya kichwa, kwa hiyo najua anachosoma ni njia utakayorudi nayo.

Nimeandika kwa Kiswahili, na sababu ni mbili. Ekegusii nakisema tangu kuzaliwa, lakini nikikiandika hata mimi mwenyewe nashindwa kukisoma. Kiingereza nacho ndicho kilichotuletea shida ninayotaka kuizungumza. Acha basi Kiswahili kiwe mpatanishi wetu.

Sitaandika habari za blanketi, wala namna ya kushika mkoba ukishuka stendi, wala vyakula vya njiani. Mama yako alianza hotuba hiyo Jumatano, na kufikia jana alikuwa amefika sura ya dawa za tumbo. Mimi nina jambo moja tu. Ni lile swali uliloniuliza Alhamisi, na jibu nililokupa.

Kesho unaenda Mombasa kufundishwa kazi ya kuonja chai kabla haijapigwa mnada. Nimewaeleza watu wa hapa mara nyingi na bado wanadhani nawatania. "Alipwe kwa kunywa chai? Basi mimi wangenipatia pensheni," aliniambia kinyozi wangu. Mama yako, ambaye ni Msabato wa kutoka moyoni, wa wale wasiogusa chai kwa ajili ya imani, amechuma majani miaka yote ya ndoa yetu na hajawahi kuyanywa hata siku moja. Ulipomwambia habari ya kazi hiyo alikwenda nayo shambani siku mbili. Siku ya tatu akauliza, "Wanameza?" Ukamjibu kwamba wanatema. Akafikiri, kisha akasema, "Kama wanatema, si mbaya. Nenda." Mimi ni Msabato pia, ila kwa upande wa kikombe Mungu bado ana kazi na mimi.

Sasa Alhamisi. Ulipanga vikombe vitano mezani ufanye mazoezi, na kimoja kati ya hivyo nitakuambia leo kwamba huwa ni cha kunyolea ndevu. Ukaweka beseni karibu na miguu yako. Ukavuta chai kutoka kwenye kijiko kwa mlio mkubwa hata jirani akaja uani kuuliza kama ndama amekwamwa na kitu kooni. Mimi nilikuwa nacheka mlangoni. Halafu, bila kuniangalia, ukanisukumia kikombe cha tatu ukasema, "Tata, onja hii. Iko aje?"

Nikaonja. Nikasema, "Good."

Ukasema, "Sawa." Ukaandika kitu kwenye daftari lako na kuendelea na kikombe cha nne.

Moraa, una miaka ishirini na mitatu, na swali hilo ulikuwa hujaniuliza kwa miaka kumi na minne. Nimehesabu. Nimelingoja miaka yote hiyo, na lilipokuja nikalijibu vilevile kama nilivyolijibu mara ya kwanza. Nilitoka nikaenda kusimama kwenye zizi la ng'ombe nikijitukana. Ukiondoka kesho na jibu lile, najua hutaniuliza tena mpaka nife. Ndiyo maana nimekaa hapa na kalamu, mtu ambaye tangu astaafu hajaandika kitu kirefu kuliko orodha ya dukani.

Acha nikueleze neno hili nililitoa wapi. Nilipokuwa shule, mwalimu wetu alikuwa na kalamu nyekundu, na daftari likirudi na "good" nililibeba mkononi njia nzima hadi nyumbani ili watu walione, hata kama mvua inanyesha. Nyumbani hakuna aliyeshangilia. Babu yako alisema ng'ombe ukimsifu kabla hujamaliza kumkamua atapiga teke ndoo. Na wahenga wa Kiswahili walimuunga mkono: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwetu hapakuwa na mgema wala tembo, lakini sheria hiyo tuliifuata kuliko wagema wenyewe. Kwa hiyo nilikua nikijua kwamba sifa ni kitu cha wageni, hutolewa kwa Kiingereza, na hutolewa mara moja.

Kisha nikapata kazi ya ukarani kwenye kituo cha kununulia majani. Ofisa aliyenifundisha alinisimamisha mbele ya ile meza ndefu ya kuchambulia, akachota majani ya mkulima mmoja, akasema, "Ukiona majani mawili na chipukizi, sema good, pima, endelea. Ukiona majani magumu na mashina, sema reject. Usihubiri. Foleni ni ndefu." Nilifanya hivyo miaka ishirini na miwili. Niliangalia, nikasema neno, nikapima. Nilikuwa karani mzuri, hata maadui zangu watakuambia, na nilikuwa nao wa kutosha.

Tatizo ni kwamba sikuliacha neno kazini nilipovua lile koti la kijani. Chakula kikiwa kitamu, good. Ndama akizaliwa, good. Mama yako alishona nguo ya harusi ya dada yake kule Ogembo, akaja akasimama mbele yangu akijigeuza huku na huku. Nikasema, "Good." Akaniangalia mpaka nikashusha macho. "Makori," akasema, "mimi si gunia. Usinipime." Siku hiyo nilikula chakula baridi, na bado sikujifunza.

Kumbuka ulipopata barua ya chuo kikuu. Ulimpigia mama yako simu, mkalia wote wawili, na mimi nikakutumia ujumbe. Herufi nne na nukta. Nilifikiria nini cha kuandika kwa muda wa saa nzima, amini usiamini, na mwisho wa saa hiyo ndicho nilichokuwa nacho.

Lakini siku yenyewe ninayotaka kuizungumza ni ile ya kikapu. Hatujawahi kuizungumza. Nadhani unaikumbuka, na nadhani unajua kwamba naikumbuka.

Ulikuwa darasa la tatu na shule zilikuwa zimefungwa. Mama yako alikupa kikapu chako mwenyewe cha kwanza, kile cha mkonge chenye mkanda wa kitambaa, ukachuma tangu asubuhi ukingo wa chini wa shamba, karibu na migomba. Ulikataa kusaidiwa. Saa tisa ukaja kituoni, ukasimama kwenye foleni kama watu wazima, ukaniamkia kwa adabu kana kwamba hunijui. Nilijivuna, Moraa. Koti langu lilinibana kifuani.

Nyuma yako alikuwa Mzee Obare. Siku moja kabla ya hapo nilikuwa nimekataa gunia lake zima, kwa sababu alipanga majani laini juu na kuficha magumu chini. Alikuwa bado ana hasira, na alipoona ni zamu yako akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Leo tutaona. Tutaona kama karani ako na macho ya nyumbani na ingine ya watu."

Ukamwaga kikapu chako mezani.

Nitakuambia nilichokiona, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyosomea. Niliona majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, yamekatwa kwa kucha bila kupondwa. Hayakuwa yameshikamana kwa joto, kwa hiyo nilijua hukuyashindilia. Palikuwa na magumu machache. Mkulima mwingine yeyote ningemwambia, "Toa hayo machache," kisha ningesema good na kumpimia. Nikainua macho, nikaona foleni yote inanitazama mimi, si majani.

Nikasema, "Reject."

Ukaniangalia. Hukulia. Ukauliza kwa sauti ndogo, "Yote, Tata? Hata moja si good?"

Na hapo, mwanangu, Mungu alinipa nafasi ya pili papo hapo, kwa mdomo wa adui. Mzee Obare aliinama juu ya meza, akachukua majani yako machache, akayageuza. "Aa, karani," akasema. "Hii majani ya mtoto ni mazuri kushinda yangu. Mimi nilikuwa naongea tu. Pimia mtoto."

Ningeweza kugeuza. Ilikuwa rahisi kama kugeuza chapati. Lakini nikafikiri, nikigeuza sasa, kesho watasema karani anabadilishwa maneno na mtu yeyote. Nikasema, "Anayefuata."

Ulikusanya majani yako yote ukayarudisha kikapuni, hata yaliyoanguka chini. Jioni mama yako hakunipigia kelele. Aliuliza jambo moja tu: "Umekataa majani ama umekataa mtoto?" Nikamwambia kazi ni kazi. Akasema, "Mm," na unajua "mm" ya mama yako ina uzito gani.

Wewe hukuyatupa yale majani. Uliyatwanga kwenye kinu cha wimbi, ukayaacha mpaka yakawa mekundu, ukayaanika juu ya mabati ya banda la kuku. Mvua ya alasiri ilipokuja ukayakimbiza jikoni ukayamalizia juu ya moto wa kuni. Siku tatu nyumba nzima ilinuka majani na moshi, na ugali wa wimbi uliofuata ulikuwa na ladha ambayo sijaipata tena popote. Siku ya nne ukapika chai yako. Mama yako hanywi, kwa hiyo nilikuwa ndiye mwonjaji pekee katika nyumba hiyo. Ukaniletea kikombe sebuleni, kwa mikono miwili, wakati wa taarifa ya habari.

"Tata, iko aje?"

Nilikuwa nimeinamia redio. Niliinua kikombe, nikagusa midomo, nikasema, "Good."

"Umeonja?"

"Ee. Good."

Ukachukua kijiko, ukachota kwenye kikombe changu, ukaonja. Ukatoka mlangoni mbio, ukatema kwenye migomba. Kwa hiyo huko Mombasa wakikuuliza ulianza lini kuonja na kutema chai, waambie ulianza ukiwa na miaka tisa, na mwalimu wako alikuwa baba mwongo.

Ulirudi ukasimama pale mlangoni ukinitazama. Baadaye, wewe ukiwa umelala, niliinywa nikajua kwa nini ulitema. Ilikuwa na ladha ya jembe lililochomwa. Nikaimaliza yote kama adhabu, na tumbo langu lilikumbuka kwa siku mbili.

Ukiangalia vizuri utaona nilifanya nini. Majani yalikuwa mazuri, nikayaita mabaya kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Chai ilikuwa mbaya, nikaiita nzuri kwa sababu hakuna aliyekuwa ananitazama isipokuwa wewe. Mtoto wa miaka tisa akaweka mambo hayo mawili pamoja, akajua kwamba neno la baba yake halina uzito upande wowote. Hukuniambia kitu, wala hukununa. Uliacha kuniuliza tu. Michoro ulimwonyesha mama. Ripoti za shule uliziacha juu ya kabati nizikute mwenyewe. Tulicheka pamoja, tulikamua pamoja, na mtu wa nje asingejua kwamba kuna kitu kimekosekana nyumbani kwetu. Mimi nilijua.

Uliendelea kuchuma kila likizo, na kila likizo ulibeba kikapu mpaka kwenye ule mkaratusi wa njia panda, ukamkabidhi mama yako, ukageuka. Ulidhani sioni. Lakini mama yako alipofika mezani na vikapu viwili nilijua kipi ni chako kabla hajanyanyua mkono. Hakikuwa na shina hata moja. Miaka yote hiyo, Moraa, hata moja. Nilikuwa nasema "good" nikimwangalia mama yako kwa macho ya kumwomba, nikitumaini ataibeba aifikishe nyumbani. Siku moja nikamwambia waziwazi, "Mwambie Moraa majani yake ni mazuri." Akafunga mkanda wa kikapu, akasema, "Mimi si posta. Mdomo unao."

Nikajitetea kwa methali, kama kawaida ya wanaume waliokosea. Nikasema chema chajiuza. Kitu chema hakihitaji karani kukipigia kelele. Ni methali ya kweli, lakini niliitumia kama mtu anayejificha mvua chini ya ungo.

Aliyenifundisha mwishowe alikuwa ni karatasi. Nilipostaafu waliniita ofisini, tukanywa soda, nikapewa bahasha. Sikuifungua mbele za watu. Nilipofika kwenye daraja nikasimama nikaitoa barua. Ilikuwa na jina langu, namba yangu ya kazi, na sentensi moja kwamba kazi yangu ilikuwa good. Nikageuza karatasi nione kama maneno yanaendelea nyuma. Nyuma palikuwa peupe.

Sikukasirika na aliyeiandika. Alikuwa na barua nyingine za kuandika, na foleni ni ndefu. Lakini nilisimama pale darajani nikikumbuka asubuhi za baridi, vidole vimekufa ganzi kwenye mizani, siku niliyobeba gunia la mjane mmoja kutoka mtoni, siku niliyokataa kuku wa mtu aliyetaka nifumbe macho. Nilitaka mtu mmoja tu aseme, niliona lile. Hata moja. Nikacheka peke yangu mpaka mwendesha boda akapunguza mwendo kuniangalia, kwa sababu nilikuwa nimetambua sauti iliyokuwa ikiuliza. Ilikuwa yako.

Tangu hapo nimekuwa nikifanya mazoezi kwa siri. Nilianza na ng'ombe. Nilimwambia ametoa maziwa mengi licha ya kiangazi, na hakupiga teke ndoo, kwa hiyo babu yako alikosea. Nikaenda kwa mama yako. Nilimwambia mboga yake ya chinsaga ina uchungu kidogo tu, ule unaofanya mtu arudi kwa kijiko cha pili, na kwamba hakuna mtu Nyamira nzima anayejua kuiacha hivyo. Aliniuliza kama nimevunja kitu. Lakini alinipa kijiko cha tatu.

Sina ugomvi na neno lenyewe. Kwetu, kwa Ekegusii, tuna buya, yaani vyema, na linatuamsha asubuhi, bwakire buya, na jioni linashukuru, mbuya mono. Kiswahili kinakulazimisha utazame kidogo kabla ya kufungua mdomo: chai ni nzuri, habari ni njema, kazi ni safi, mtu ni mwema. Good inatumwa kufanya kazi hizo zote peke yake, na mtu akiitumia bila kutazama inakuwa njia ya kufukuza watu mlangoni kwa upole. Mimi niliitumia hivyo. Huko uendako utaisikia sana. Akikuambia mkubwa wako kwamba kazi ni good, na ukaona amekwisha kugeukia mwingine, usiende kulala na maswali. Muulize, good namna gani? Huenda akashtuka, lakini watu wengi wana jibu, ila hawajawahi kuulizwa. Mimi nilikuwa nalo miaka kumi na minne.

Na chai utakayoitema, iteme, ndiyo kazi. Ila kumbuka ilipita mgongoni kwa mtu. Usiiite nzuri ikiwa mbaya, usiiite mbaya kwa sababu wenzako wanakutazama.

Sasa jibu la Alhamisi. Kikombe cha tatu.

Rangi yake ilikuwa changamfu, nyekundu ya shaba, na ilibaki hivyo hata ilipoanza kupoa. Ilishika ulimi pembeni, si katikati, na haikukaa. Mtu aliyechuma alichuma vizuri, lakini nadhani mvua ilikuwa imezidi wiki hiyo, kwa sababu ilikuwa na umajimaji mwishoni, kama majani yaliyokua haraka. Majani ya Julai, ya wakati wa baridi, hukua polepole na hayafanyi hivyo. Niliipenda kuliko kikombe cha pili, nilichokionja kwa siri ulipotoka kumtuliza jirani, ambacho kilikuwa kikali lakini hakina cha kusema baada ya hapo. Cha nne sikuonja kwa sababu ndicho kile cha ndevu. Hayo yote yalikuwa mdomoni mwangu ulipouliza, Moraa, yamejipanga, na nikayameza pamoja na chai. Andika kwenye daftari lako kama bado pana nafasi.

Na jibu la mara ya kwanza, lile la mezani. Mama yako alisema yeye si posta, kwa hiyo nimekuletea mwenyewe, nimechelewa kidogo. Sikukataa majani, na sikukukataa wewe. Niliogopa watu. Majani yako yalikuwa mazuri, karibu yote. Yale magumu yalijaa kiganja kimoja tu, tena kiganja chako cha wakati ule.

Umekua ukawa mtu anayetazama kitu kabla ya kukipa jina. Hilo hukulipata kwangu, ulilipata kwa kuona nilivyolikosa, ukaamua mwenyewe. Najivuna kuwa baba yako. Nimeandika sentensi hiyo mara mbili kwenye karatasi nyingine kwanza, kuona kama mkono utakubali.

Chini kabisa ya begi lako, ndani ya soksi zile za kijivu, utapata mkebe mdogo. Jumanne nilichuma ule ukingo wa chini, karibu na migomba. Nimetwanga mwenyewe kwenye kinu kilekile, na mama yako amenicheka wiki nzima akinishikia ungo, kisha jana akasimamia mkebe ufungwe kabla jua halijazama na Sabato kuingia. Mvua ilininyeshea kama ilivyokunyeshea, nikakimbilia jikoni vilevile. Sijaonja. Nimeogopa.

Ukifika, ukishapumzika, chemsha maji uonje. Kama ni ya kutema, tema. Halafu nipigie uniambie iko aje, yote, tangu rangi mpaka mwisho. Piga saa yoyote, hata wakati wa taarifa ya habari. Nitazima redio.

Tata wako,
Makori